Ikwalaiza na Njia Saidizi katika Miksa ya Sauti: Uhusiano Wake na Usikikaji wa Ushairi wa Taarab Jukwaani

IKISIRI

Makala haya yanafafanua matumizi ya vidhibiti viwili vya miksa ya sauti, yaani ikwalaiza na njia saidizi, kwa kuvihusisha na onyesho la taarab asilia ya Zanzibar. Kwa kawaida vidhibiti hivyo huelezwa kimoja kimoja: ikwalaiza kama chombo cha kurekebisha rangi ya sauti, na njia saidizi kama mkondo wa kupeleka sauti kwenye spika za jukwaani au kwenye kifaa cha mwangwi. Makala yanajenga hoja kwamba mgawanyo huo unaficha jambo la msingi. Katika miksa nyingi, sauti inayoingia kwenye njia saidizi huwa imekwisha kupita katika ikwalaiza. Kwa sababu hiyo, rekebisho linalofanywa kwa ajili ya hadhira humfikia pia mwimbaji, na linaweza kuwa chanzo cha fidibeki. Inaelezwa kwamba maneno ya shairi hulindwa vizuri zaidi kwa kupunguza kuliko kwa kuongeza, tena kwa kuanza na ala zinazoifunika sauti ya mwimbaji.

Maneno makuu: miksa, ikwalaiza, njia saidizi, fidibeki, konsonanti, taarab

1.0 Utangulizi

Taarab ni muziki wa neno. Msikilizaji wake hufuata shairi linaloimbwa, na mara nyingi huinuka kwenda kumtunza mwimbaji pale ubeti unapogusa jambo linalomhusu yeye au mtu wa karibu naye. Uhakiki wa ushairi huo hushughulikia mafumbo, vina, mizani na muktadha wa uimbaji. Hata hivyo, uhakiki wa aina hiyo huchukulia kwamba sharti moja limekwisha timizwa, nalo ni kwamba neno limesikika. Neno lisiposikika, fumbo halifumbuliki, na kitendo cha kutunza hukosa kichocheo chake.

Sharti hilo halitimizwi kwa urahisi. Siti binti Saad, ambaye nyimbo zake zilirekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, aliimba akisindikizwa na ala chache. Vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, vinafahamika kwa okestra zenye fidla kadhaa, kodiani, ganuni, udi, besi na ngoma. Okestra ya namna hiyo inapopiga katika uwanja wa wazi, kila ala huhitaji maikrofoni, na kati ya mshairi na msikilizaji huingia mtu wa tatu, yaani fundi mitambo. Maamuzi yake juu ya vidhibiti vya miksa huamua ni silabi zipi zitakazofika na zipi zitakazopotea.

Makala haya yanaanza kwa kueleza safari ya sauti ndani ya miksa, kisha yanaifafanua ikwalaiza na njia saidizi, na mwisho yanaonyesha kinachotokea pale vidhibiti hivyo viwili vinapokutana.

2.0 Safari ya Sauti Ndani ya Miksa

Miksa ina chaneli nyingi zilizopangwa sambamba, kila moja ikipokea sauti ya maikrofoni au ala moja. Katika chaneli, sauti hupita hatua kwa hatua. Kwanza hukuzwa kwa kidhibiti cha geini, kwa kuwa umeme utokao katika maikrofoni ni mdogo mno. Pili, katika miksa nyingi, hupita kwenye kichujio kinachoondoa sauti za chini kabisa. Tatu, hupita katika ikwalaiza. Nne, hufika kwenye feda, yaani kidhibiti cha kusukuma juu na chini kinachoamua kiasi cha sauti kitakachokwenda kwenye mkondo mkuu na hatimaye kwenye spika za hadhira.

Njia saidizi, ambayo mafundi wengi huiita oksi, ni mchepuko kutoka katika safari hiyo. Kila chaneli ina kifundo kimoja au zaidi cha kuzungusha, ambacho huchota sehemu ya sauti na kuipeleka kwenye tundu lake la kutokea bila kuupunguza mkondo mkuu. Sauti zilizochotwa kutoka chaneli mbalimbali hukusanywa pamoja, zikawa mchanganyiko wa pili ulio tofauti na ule wanaousikia watazamaji. Miksa yenye njia saidizi nne, kwa hiyo, ina uwezo wa kutoa michanganyiko minne zaidi ya ule mkuu.

Swali la msingi ni mahali ambapo mchepuko huo huanzia. Mfano wa mfereji wa maji unasaidia kulieleza. Rangi ikitiwa kwenye mfereji juu ya mahali mchepuko unapoanzia, maji ya mchepuko nayo hubeba rangi hiyo. Rangi ikitiwa chini ya mahali hapo, mchepuko hubaki safi. Katika miksa nyingi za analogia, mchepuko huanzia baada ya ikwalaiza. Kwa maneno mengine, ikwalaiza ni rangi iliyotiwa juu ya mchepuko.

3.0 Ikwalaiza

3.1 Kazi na aina zake

Sauti ni mtetemo, na idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani masafa, hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia takribani kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000. Ikwalaiza huongeza au hupunguza nguvu ya sauti katika eneo mahususi la masafa bila kuyagusa sana maeneo mengine. Kipimo chake ni desibeli. Ongezeko la desibeli 6 ni sawa na kuzidisha volti mara mbili, ilhali kwa sikio la kawaida sauti huonekana kuwa kubwa maradufu inapoongezeka kwa takribani desibeli 10.

Vifundo vya besi na vya sauti za juu vinavyopatikana katika miksa nyingi vinatokana na sakiti iliyochapishwa na Peter Baxandall mwaka 1952 katika jarida la Wireless World. Vifundo hivyo huinua au huteremsha eneo zima lililo chini au juu ya masafa fulani, kwa kawaida karibu na hezi 80 kwa besi na hezi 12,000 kwa sauti za juu. Eneo la kati hudhibitiwa kwa namna tofauti, kwani huinuliwa kama kilima au huteremshwa kama bonde. Katika miksa ndogo, kitovu cha kilima hicho huwa hakibadiliki, aghalabu kikiwa karibu na hezi 2,500. Katika miksa kubwa kiasi, fundi huweza kukihamisha kitovu hicho. Udhibiti kamili wa kitovu, upana na kiasi ulielezwa na George Massenburg mwaka 1972 katika makala aliyoyawasilisha kwenye Audio Engineering Society.

3.2 Masafa na konsonanti za Kiswahili

Katika kuimarisha usikikaji wa shairi, fundi hana budi kujua maneno yanakaa wapi katika masafa. Silabi nyingi za Kiswahili ni wazi, yaani huishia kwa irabu. Irabu ndiyo inayobeba nguvu kubwa ya sauti na ndiyo inayorefushwa na mwimbaji ili kufuata mahadhi. Sehemu kubwa ya nguvu yake huwa chini ya hezi 1,000. Konsonanti, kinyume chake, ni fupi na hafifu, na nyingi miongoni mwake, hasa s, sh, ch, f na t, hutambulika kwa masafa yaliyo juu ya hezi 2,000.

Tofauti hiyo ina athari kubwa kwa ushairi. Maneno fika, shika na pika yanatofautiana kwa konsonanti ya mwanzo tu. Kinachofuata ni kilekile. Masafa ya hezi 2,000 hadi 4,000 yakifunikwa na ala, msikilizaji hupata mahadhi yote na irabu zote, lakini hubaki akikisia neno. Athari hiyo hufika hata kwenye vina. Katika ushairi wa kimapokeo kina ni silabi kamili, hivyo -ka hailingani na -ta wala -pa. Konsonanti zikipotea, silabi hizo tatu husikika kama -a moja, na ufundi wa mtunzi hupotea kabla haujaifikia hadhira.

Ala za okestra ya taarab hukaa katika eneo hilohilo. Fidla, ambayo uzi wake wa chini kabisa hutoa hezi 196, ina vipande vya juu vya sauti vinavyopita hezi 3,000 kwa nguvu. Kodiani ina ndimi za chuma zenye sauti kali katika eneo la kati na la juu. Fidla nne na kodiani moja zikipiga mahadhi yaleyale anayoimba mwimbaji, kama ilivyo desturi katika taarab, sauti hizo hushindana naye mahali hasa ambapo konsonanti zake zinakaa.

3.3 Kupunguza kabla ya kuongeza

Hatua ya kwanza ni kuondoa kisichohitajika. Kichujio cha sauti za chini, ambacho mara nyingi huanzia hezi 75 hadi 100, huondoa mvumo wa upepo na kishindo cha miguu jukwaani bila kumpunguzia mwimbaji chochote cha maana. Kichujio hicho hufaa pia kwenye fidla, ganuni na kodiani. Hakifai kwenye besi, ambayo uzi wake wa chini hutoa takribani hezi 41.

Hatua ya pili ni eneo la hezi 200 hadi 400. Sauti ya mwimbaji ikizidi hapo husikika kama inatoka ndani ya mtungi. Hali hiyo hutokea zaidi mwimbaji anapoikaribia maikrofoni, kwa sababu maikrofoni zenye mwelekeo huongeza besi kadiri kinywa kinavyosogea. Kupunguza desibeli 3 katika eneo hilo mara nyingi hufanya konsonanti zisikike vizuri zaidi, ingawa hazikuguswa. Kuongeza eneo la konsonanti lenyewe kunapaswa kuwa hatua ya mwisho, kwa sababu zitakazofafanuliwa katika sehemu ya 5.0.

4.0 Njia Saidizi

4.1 Mchepuko kabla ya feda

Mwimbaji aliyesimama mbele ya okestra huwa nyuma ya spika za hadhira, na hivyo hasikii vizuri sauti yake mwenyewe. Kwa ajili hiyo huwekewa spika ya sakafuni inayomwelekea, maarufu kama monita. Mchanganyiko wa monita hupelekwa kwa njia saidizi iliyo kabla ya feda. Sababu yake ni kwamba fundi husogeza feda kila mara kwa ajili ya watazamaji. Kama monita ingeifuata feda, mwimbaji angesikia sauti yake ikipanda na kushuka bila kujua kisa, na mpiga ganuni angempoteza mwimbaji katikati ya ubeti.

Mchanganyiko wa monita haupaswi kuwa nakala ya ule wa hadhira. Mwimbaji wa taarab huhitaji sauti yake, kisha ala moja au mbili za kumshikia ufunguo, kama vile ganuni au kodiani. Kila ala inayoongezwa hapo humlazimisha fundi kuongeza sauti ya mwimbaji ili isifunikwe, na kila ongezeko husogeza mfumo karibu na fidibeki.

4.2 Mchepuko baada ya feda

Kifaa cha mwangwi hutumia njia saidizi iliyo baada ya feda. Hapa lengo ni kudumisha uwiano kati ya sauti yenyewe na mwangwi wake. Feda inaposhushwa, mwangwi nao hushuka. Mchepuko ukiwa kabla ya feda, sauti ya mwimbaji huweza kuondolewa kabisa, ilhali mwangwi wake ukaendelea kusikika. Kwa upande wa usikikaji wa maneno, mwangwi mrefu huzijaza nafasi baina ya silabi, na hivyo huzifunika konsonanti zinazofuata. Kiasi chake hakina budi kuwa kidogo pale shairi linapoimbwa kwa kasi.

4.3 Namna ya kutambua mahali pa mchepuko

Miksa hutofautiana. Baadhi zina swichi ya kuchagua kabla au baada ya feda, na miksa za kidijitali humruhusu mtumiaji kuchagua pia kabla au baada ya ikwalaiza. Palipo na shaka, jaribio rahisi hutosha. Sauti isiyobadilika huingizwa kwenye chaneli moja, na njia saidizi husikilizwa peke yake. Feda ikishushwa hadi chini na sauti ikaendelea kusikika, mchepuko uko kabla ya feda. Kisha kifundo cha ikwalaiza huzungushwa. Rangi ya sauti ikibadilika, mchepuko uko baada ya ikwalaiza. Jaribio hilo huchukua muda mfupi na linapaswa kufanywa kabla ya wanamuziki kupanda jukwaani.

5.0 Pale Vidhibiti Viwili Vinapokutana

Fidibeki hutokea pale sauti ya spika inapoirudia maikrofoni, ikakuzwa, ikatoka tena, na kila mzunguko ukawa na nguvu isiyopungua ule uliotangulia. Haihitaji masafa yote kufikia kiwango hicho; masafa mamoja tu yakifika, mluzi huanza. Aidha, idadi ya maikrofoni zilizo wazi ina uzito wake. Kila inapozidishwa mara mbili, kiasi cha sauti kinachoweza kupatikana kabla ya fidibeki hupungua kwa takribani desibeli 3. Okestra yenye maikrofoni kumi, kwa hiyo, imekwisha kupoteza takribani desibeli 10 ikilinganishwa na mwimbaji mwenye maikrofoni moja.

Ichukuliwe hali ifuatayo. Watazamaji wa nyuma hawayapati maneno. Fundi anaongeza desibeli 6 kwenye hezi 2,500 katika chaneli ya mwimbaji. Monita ilikuwa imebakiza desibeli 4 tu kabla ya fidibeki katika masafa hayo. Kwa kuwa mchepuko uko baada ya ikwalaiza, desibeli 6 zilizokusudiwa hadhira zinaingia pia kwenye monita, na kikomo kinavukwa kwa desibeli 2. Mluzi unaanza. Fundi anaipunguza njia saidizi ya mwimbaji. Mluzi unakoma, lakini mwimbaji hajisikii tena. Anakaza sauti na kuisogelea maikrofoni hadi midomo inaigusa. Besi inaongezeka kwa sababu ya ukaribu huo, sauti inakuwa nzito, na maneno yanapungua kusikika kuliko mwanzo. Rekebisho lililokusudiwa kuliokoa neno ndilo lililolipoteza.

Hali hiyo huzidi kuwa mbaya wakati wa kutunza. Mwimbaji anayepokea fedha kwa mkono mmoja huweza kukishika kichwa cha maikrofoni kwa mkono wa pili. Matundu ya nyuma ya maikrofoni yenye mwelekeo yakizibwa, uwezo wake wa kuikataa sauti itokayo nyuma hupotea, na monita huingia moja kwa moja. Mfumo usio na akiba ya desibeli chache hupiga mluzi wakati huohuo ambao onyesho limefikia kilele chake.

Njia mbadala hufikia matokeo yaleyale kwa kupita upande wa pili. Badala ya kumwongezea mwimbaji desibeli 6, fundi hupunguza desibeli 3 kwenye hezi 2,500 katika chaneli za fidla na kodiani, kisha hushusha feda za ala hizo kwa desibeli 3 wakati wa ubeti, na kuzirudisha katika vipande vya ala vinavyotenganisha beti. Katika eneo la konsonanti, mwimbaji hupata nafuu ya desibeli 6 dhidi ya ala hizo, bila kuongeza hata desibeli moja katika mzunguko wa maikrofoni na monita. Kwa kuwa monita ziko kabla ya feda, wapigaji hawahisi kusogezwa kwa feda. Wataathirika kidogo na ikwalaiza, kwa kuwa sauti ya fidla katika monita itapungua ukali, lakini upungufu huo hauwezi kuanzisha fidibeki.

Ikiwa bado kuna haja ya kuongeza masafa ya mwimbaji, zipo njia mbili za kuitenganisha hadhira na jukwaa. Ya kwanza ni kuigawa maikrofoni yake katika chaneli mbili: moja yenye ikwalaiza ya hadhira, ambayo njia zake saidizi za monita hufungwa, na nyingine ya monita pekee, ambayo feda yake hubaki chini. Ya pili ni kuunganisha ikwalaiza ya bendi 31 kati ya tundu la njia saidizi na spika ya monita. Ikwalaiza hiyo huyapunguza masafa yanayopiga mluzi kwenye monita bila kuigusa sauti ya watazamaji.

Mazoea mengine yanayohitaji tahadhari ni yale ya kutafuta masafa mabaya kwa kuinua kifundo na kukihamisha kitovu hadi ubaya ujitokeze. Zoezi hilo hufaa wakati wa kujaribu mitambo, njia saidizi zikiwa zimefungwa. Katikati ya onyesho, kila masafa yanayoinuliwa kwa kutafuta hupita pia kwenye monita, na hivyo fundi huweza kuusababisha mluzi aliokuwa akiukimbia.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba ikwalaiza na njia saidizi si vidhibiti viwili vinavyojitegemea. Mpangilio wa miksa nyingi huifanya ikwalaiza itangulie mchepuko, na kwa hiyo uamuzi juu ya rangi ya sauti ni uamuzi pia juu ya kile anachokisikia mwimbaji na juu ya akiba iliyobaki kabla ya fidibeki. Utaratibu unaotokana na hoja hiyo ni kupanga geini, kuchuja sauti za chini, kupanga monita kabla ya feda kwa ala chache, kupunguza panapofunika, na kuongeza mwishoni tu, ikibidi.

Kwa utafiti wa fasihi, hoja hii ina maana ya ziada. Mtafiti anayerekodi onyesho la taarab na kuona kwamba hadhira haikuitikia ubeti fulani anaweza kuuhusisha ukimya huo na udhaifu wa shairi, ugeni wa fumbo au mabadiliko ya hadhira. Kabla ya kufikia hitimisho hilo, anapaswa kuthibitisha kwamba konsonanti za ubeti huo ziliifikia safu ya nyuma. Uthibitisho huo haupatikani katika rekodi iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye miksa, kwa kuwa rekodi hiyo haichukui sauti ya ala inayotoka jukwaani bila kupita kwenye mitambo. Hupatikana kwa kinasa sauti kilichowekwa mahali watazamaji walipoketi.